SOMO LETU: GARI LA RIMOTI LIKIKATAA KUWAKA

Ndugu wafanyakazi wa Bugarama na Rumonge,

Mwenzetu aliyejifungia nyumbani kifaa cha kuwasha gari kwa rimoti, kikikataa, afuate hatua hizi.

1. Toa gia, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu. Gari la gia za mkono likiwashwa likiwa ndani ya gia huruka, na mpakiaji wa mawese aliye karibu anaweza kugongwa.

2. Jaribu ufunguo. Likikataa pia, ubovu si wa rimoti. Pima betri: ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6.

3. Likiwaka kwa ufunguo, badilisha betri ndogo ya rimoti, tazama fyuzi, kisha waya wa bodi: ukazwe kwenye chuma kisicho na kutu wala rangi.

4. Funga boneti vizuri. Ikiwa wazi, kifaa chenye swichi ya boneti hukataa ili kulinda mikono ya fundi. Tusiiruke swichi hiyo kwa waya.

Kabla ya kugusa injini, tuchomoe waya hasi wa betri. Na tudai kwa sauti moja: gari la kazi lililorukwa swichi zake za usalama lisipakiwe mpaka litengenezwe.