Mafuriko ya Ghafla Katika Makorongo ya Jangwa

Msafiri wa jangwani hujihadhari kwanza na kiu. Huyapima maji aliyobeba, hufunika kichwa chake, na huuliza chemchemi iko wapi. Lakini katika makorongo ya miamba, maji hayo hayo anayoyatafuta yaweza kumjia kwa wingi asioutaka, pengine siku ambayo alipo yeye halijadondoka hata tone moja.

Tarehe 14 Septemba, 2015, watembezi saba waliingia pamoja katika korongo liitwalo Keyhole, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Zion, jimbo la Utah, Marekani. Maana ya jina hilo ni tundu la ufunguo, nalo lastahili: kuta zimekaribiana mno, na mahali pengine hapashukiki ila kwa kamba. Ni mwendo wa saa chache tu. Asubuhi ile walikuwa wameelezwa kwamba yamkini mafuriko ya ghafla yangetokea. Kibali walipewa, kwani uamuzi wa kuingia uliachwa kwa mtembezi mwenyewe. Alasiri ikanyesha mvua ya milimeta 16 katika muda usiotimia saa moja. Wote saba walikufa.

Milimeta 16 si mvua ya kutisha. Mkulima wa Kericho angeipokea kwa shukrani na kuendelea na kazi zake. Yafaa basi kuuliza ni kwa nini kiasi hicho kiliua watu Utah.

Jibu limo katika mwamba wenyewe. Kuta za Zion ni za jiwe la mchanga, ambalo zamani za kale, miaka ipatayo milioni 180 au zaidi iliyopita, lilikuwa vilima vya mchanga vilivyosukumwa na upepo. Chembe zake zilishikamanishwa na chokaa na madini ya chuma, ndiyo maana kuta hizo ni nyekundu, na mistari ya mshazari iliyoachwa na upepo ule ingali ikionekana. Juu ya mwamba huo udongo ni haba na mimea ni michache. Jiwe la mchanga hunyonya maji, lakini polepole. Mvua kali inyeshapo, maji huteremka kama yateremkavyo juu ya bati la nyumba, na kila ufa huyaelekeza bondeni. Siku ile, katika mkono wa kaskazini wa mto Virgin, maji yalipanda kutoka kama meta 1.6 za ujazo kwa sekunde hadi kama 74, katika dakika 15.

Mwanafunzi aweza kulipima jambo hili kwa hesabu nyepesi. Na achukue eneo la kilometa 2 za mraba, mvua ya milimeta 16. Maji yaliyoanguka ni meta za ujazo 32,000. Ikiwa nusu yake yatateremka katika nusu saa, kila sekunde zitapita karibu meta 9 za ujazo. Katika mto wenye upana wa meta 20, maji yakienda meta 4 kwa sekunde, kina ni sentimeta 11 tu, chini ya goti la mtoto. Katika ufa wenye upana wa meta 1, kwa mwendo ule ule, kina hupita meta 2. (Kwa kweli maji membamba juu ya changarawe huenda polepole zaidi, kwa hiyo kina cha mtoni kingezidi kidogo, mwalimu asiache kulitaja hilo.) Tena, nguvu ya maji kumsukuma mtu hufuata mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara nne, msukumo huongezeka mara kumi na sita. Na maji hayo hayaji peke yake, huja na magogo na mawe.

Kosa la kawaida ni kutazama anga lililo juu ya kichwa. Tarehe 12 Agosti, 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na hapo. Swali la kuuliza ni maji ya korongo hili hukusanywa wapi, na huko hali ya hewa ikoje.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Korongo la Ol Njorowa katika Hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, lilichimbwa na maji yaliyotoka katika Ziwa Naivasha la kale, lilipokuwa kubwa kuliko la sasa. Mwezi wa Septemba, 2019, watu 7 walisombwa humo na mafuriko wakafa.

Maji yakianza kuwa na tope, vijiti na majani yakielea, au ngurumo ikisikika upande wa juu, muda uliobaki ni wa kupanda mahali pa juu, si wa kukimbilia mlangoni mwa korongo.

Shuleni, kipande cha bati na sinia lenye udongo wenye nyasi vyatosha. Vyote viwili viinamishwe sawa, vinyunyiziwe lita moja ya maji kwa kopo lililotobolewa, na maji yateremkayo yakingwe chini na kupimwa kila baada ya sekunde tano. Vipimo hivyo vichorwe katika grafu moja, na wanafunzi walinganishe vilele viwili vitakavyotokea.