Kitufe chekundu mlangoni

*Mimi ni fundi umeme, natunza chumba cha seva cha taasisi moja hapa Tanga. Juzi dada wa usafi alitaka kutoka, akabonyeza kitufe chekundu kilicho kando ya mlango akidhani ndicho cha kufungulia. Seva zote zikazimika, UPS nayo kimya. Bosi amemsimamisha kazi dada wa watu, na ananitaka nikate waya za hicho kitufe. Nikate?*
*Fundi, Chumbageni*

Usikate, mwanangu. Na huyo dada arudi kazini, maana mkosaji ni aliyeviweka vitufe viwili pamoja, kimo kimoja, bila kifuniko. Ajali hii si ya Tanga peke yake. Kwenye vyumba vya seva vya nchi nyingi, kitufe hicho kimeshabonyezwa na watu waliokuwa wakitafuta mlango tu.

Hebu mwambie bosi hivi. Chumba chenu kinapata umeme wa TANESCO, wa jenereta na wa betri za UPS. Moto ukizuka nawe ukakimbilia kuzima meni swichi, UPS itaendelea kulisha seva, na jenereta litajiwasha lenyewe likidhani umeme umekatika. Zimamoto uliowaita kwa 114 wataingia na maji kwenye chumba chenye umeme. Kitufe kipo kwa ajili yao. Kanuni za umeme za Marekani zina kifungu cha vyumba vya kompyuta, cha 645, na chumba kinachojengwa kwa kifungu hicho lazima kiwe na njia ya kuzima vyombo vyote pamoja na viyoyozi, kwani viyoyozi husambaza moshi.

Usikifananishe na kitufe cha kusimamisha korona, ile mashine ya kuchakata mkonge mashambani. Kile husimamisha mwendo, mkono wa mtu usiliwe. Hiki huondoa umeme chumbani, hata ule usiozungusha kitu.

Chenyewe hakikati umeme mkubwa. Hupeleka, au hukata, umeme mdogo wa koili iliyo ndani ya sakiti breka, koili ikafyatua breka. Waya nyingine huenda UPS kuiamuru iache kutoa umeme. Hakikisha breka inayofyatuka iko baada ya swichi ya kubadilisha kati ya TANESCO na jenereta. Ikiwa kabla yake, jenereta litawaka na kurudisha kila ulichozima.

Hapo kuna jambo la kulichungulia kwa makini. Koili ziko za aina mbili. Moja hufyatua inapopewa umeme, nyingine hufyatua inapoukosa. Ya pili inasifiwa kuwa salama zaidi, kwa kuwa waya ukikatika utajua papo hapo. Lakini kwa umeme wetu wa kuchezacheza, ukiifunga bila kuilisha kutoka UPS, kila umeme ukiyumba chumba kizima kitalala. Ya kwanza haina usumbufu huo, ila ikifa hufa kimyakimya, na hewa ya chumvi ya pwani hii inakula viungo vya waya bila kupiga hodi. Mimi ningechagua ya kwanza, ilishwe na betri yake, na ijaribiwe kila mwaka siku mnayozima mitambo kwa matengenezo. Anayejaribu awe na mchoro wa umeme mkononi.

Usisahau betri. UPS ikinyamaza, betri hazijanyamaza. Betri 32 za volti 12 zilizofungwa mfululizo ni volti 384, na hizo zinabaki pale pale hata kitufe kikibonyezwa mara kumi. Bandika onyo kwenye kabati la betri, na waonyeshe Zimamoto mahali lilipo kabla hawajawahi kulihitaji.

Kitufe chenyewe kihamishe mbali kidogo na mlango, kifunikwe kwa kifuniko cha kuinua, kiandikwe kwa Kiswahili: KUZIMA UMEME WOTE, DHARURA TU. Cha mlango kiwe kijani, kimo tofauti.

Tena, harufu ya kuungua kwenye seva moja si sababu ya kukibonyeza. Zima seva hiyo kwa utaratibu wake, kwani umeme ukikatwa ghafla data ambazo hazijaandikwa kwenye diski hupotea. Moto ukionekana au mtu akinaswa na umeme, bonyeza, data zitajijua. Kurudisha umeme kufanywe kwa mkono, breka moja baada ya nyingine, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Muulize bosi huyo mtu ni nani kwenu.