Sauti Inakwaruza kwenye Linux? Vidokezo 10 vya Kuituliza

Nilirekodi kwa simu hadithi aliyonisimulia bibi yangu, dakika arobaini nzima, kisha nikaihamishia kwenye laptopu yangu yenye Linux Mint. Nilipoifungua, bibi alitoka kama dagaa wanaokaangwa kwenye mafuta ya moto. Niliamini rekodi imeharibika, na kidole kilishafika kwenye kitufe cha kufuta. Nikasita, nikaifungua tena kwenye simu. Bibi akasikika safi, hata kikohozi chake.

Rekodi ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: fuata njia ya sauti hatua kwa hatua, badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo uguse kingine. Hivi ndivyo ninavyofanya.

1. Utaje ugonjwa kabla ya kutafuta dawa

Si kila sauti mbovu ni mbovu kwa namna moja. Ikipasuka pale tu mwimbaji anapopandisha, imepita kiwango. Ikikatakata na kutoa vijimlio vya "tik, tik", kompyuta inachelewa kuipeleka. Ukisikia "pap!" moja kabla ya wimbo kuanza, kadi ya sauti ilikuwa imelala. Mvumo usiokoma hutokana na umeme au maikrofoni. Sauti nyembamba kama ya simu ya zamani ni Bluetooth. Kila moja ina tiba yake hapa chini.

2. Kagua waya na spika kwanza

Fungua faili jingine. Chomeka simu kwenye spika hizo hizo. Chomeka hedifoni kwenye laptopu. Majaribio haya matatu huchukua dakika mbili na hukuonyesha upande wenye kosa. Kisha fungua terminali uandike:

`speaker-test -c 2 -t wav`

Utasikia sauti ikitaja spika ya kushoto, halafu ya kulia. Ikikwaruza upande mmoja tu, shuku waya, tundu la hedifoni au spika yenyewe. Bonyeza Ctrl na C kuisimamisha.

3. Shusha sauti hadi 100%, au chini zaidi

Hapa ndipo bibi yangu alipoponea: mstari wa sauti ulikuwa 140%. Kompyuta nyingi za Linux hukuruhusu kupita 100%, lakini sauti ya kidijiti ina dari. Wimbi likigonga dari, kichwa chake hukatwa, na kukatwa huko ndiko tunakosikia kama mkwaruzo. Kagua pia programu unayotumia: VLC nayo hufika 125%, na ziada hizo mbili huzidishana. Kama una ikwalaiza, izime kwa muda.

4. Ingia chumba cha ndani: alsamixer

Andika `alsamixer`, kisha ubonyeze F6 uchague kadi yako halisi, kwa sababu ile inayotokea mwanzo mara nyingi ni ya jumla na haina vitufe vyote. Utaona nguzo zilizosimama: Master, Speaker, Headphone, PCM. Juu kushoto, kila nguzo unayoichagua huonyesha kipimo chake kwa dB. Hakikisha hakuna iliyopita 0. Nguzo zenye neno Boost, hasa za maikrofoni, zishushe hadi chini kabisa, na Loopback iwe imezimwa. Herufi MM chini ya nguzo maana yake imefungwa; bonyeza M kuifungua. Ukiridhika, hifadhi:

`sudo alsactl store`

5. Jua nani anaendesha sauti yako

Ushauri mwingi unaozunguka ni wa zama nyingine. ALSA ndiyo inayozungumza na kadi yenyewe, na iko ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Juu yake, kwa miaka mingi, ilikaa PulseAudio, ambayo Ubuntu iliichukua mwaka 2008. Sasa nafasi hiyo inashikwa na PipeWire, kazi ya Wim Taymans: Fedora iliiweka mbele mwaka 2021, Ubuntu ikafuata na toleo la 22.10. Uliza kompyuta yako:

`pactl info | grep "Server Name"`

Jibu likitaja PipeWire popote, unatumia PipeWire, hata kama neno PulseAudio limetangulia. Hapo, kuhariri daemon.conf, faili la mipangilio la PulseAudio, hakutakusaidia chochote.

6. Iwashe upya seva ya sauti, siyo kompyuta nzima

Kwa PipeWire:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Kwa PulseAudio:

`pulseaudio -k`

Kama kasoro ilianza baada ya kompyuta kulala na kuamka, mara nyingi hili linatosha.

7. Ikikatakata, ongeza ukubwa wa sahani

Fikiria mpishi na mlaji. Kompyuta humpakulia kadi ya sauti sahani moja moja. Sahani ikichelewa, mlaji hukaa mdomo wazi, na huo ndio mlio wa "tik". Andika `pw-top` uangalie safu ya ERR wakati wimbo unaendelea. Namba zikipanda kila unaposikia mkatiko, umemkamata mhalifu.

Kwa kawaida PipeWire hupakua sampuli 1024 kwa mara moja, yaani karibu milisekunde 21 za sauti kwa kasi ya sampuli 48000 kwa sekunde. Mpe mlaji sahani kubwa zaidi:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048`

Sasa kila sahani inabeba karibu milisekunde 43. Kwa muziki na filamu hutaona tofauti, ila mikatiko itapungua, hasa kwenye laptopu kuukuu. Ukitaka kurudi ulikotoka, weka 0 badala ya 2048. Kwa anayetumia PulseAudio, dawa ya zamani ingali inafanya kazi: kwenye faili /etc/pulse/default.pa, ongeza `tsched=0` mwishoni mwa mstari wa `load-module module-udev-detect`, kisha rudia kidokezo cha 6.

8. Zuia kadi isisinzie

Ile "pap!" ya mwanzo wa wimbo hutokea kadi inapozinduka. Ili kuokoa betri, Linux huilaza baada ya sekunde chache za ukimya. Angalia:

`cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

Namba unayoiona ni sekunde za kusubiri. Zima usingizi huo kwa majaribio:

`echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

Mlio ukitoweka, fanya badiliko hilo liwe la kudumu: tengeneza faili /etc/modprobe.d/sauti.conf na uandike ndani yake `options snd_hda_intel power_save=0`. Betri italiwa kidogo zaidi, amua mwenyewe.

9. Bluetooth: usiibebeshe kazi mbili

Hedifoni zako zinaimba vizuri, unaingia kwenye mkutano wa video, ghafla kila mtu anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Sababu ni kwamba maikrofoni ya Bluetooth ikifunguliwa, hedifoni huacha mfumo wa muziki, A2DP, na kuhamia mfumo wa simu, ambao sauti yake ni finyu. Katika mipangilio ya sauti, chagua maikrofoni ya laptopu yenyewe kwa kuzungumza na uziachie hedifoni kazi ya kusikiliza tu. Kisha hakikisha zimerudi kwenye A2DP.

10. Mvumo ukizidi, chomoa chaja

Tumia laptopu kwa betri dakika moja. Mvumo ukikoma, Linux haina hatia: ni umeme, ambao kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, unaopenya kupitia chaja au tundu la ukutani. Chomeka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja, na tafuta chaja yenye waya wa ethi. Nakuomba sana, usikate pini ya ethi ili kunyamazisha mvumo. Pini hiyo iko pale kulinda uhai wako.

Kama bado

Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, washa kompyuta na uchague kerneli ya zamani kwenye orodha ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijaanza. Au iwashe kwa flashi yenye Linux, bila kusakinisha. Sauti ikiwa safi huko, vifaa vyako ni vizima na kosa liko kwenye mipangilio. Hakuna haja ya kununua spika mpya. Na kila unachobadilisha kiandike kwenye daftari, ili uweze kukirudisha.

Zaidi ya yote, usifute rekodi yoyote kwa sababu tu imesikika vibaya kwenye kompyuta moja. Ifungue kwanza kwenye kifaa kingine. Spika hununuliwa nyingine. Sauti ya bibi hairekodiwi mara mbili.