SPIDOMITA INAPOSEMA UONGO

Katika darasa la Hisabati sote tumechora mistari ya y = mx na y = mx + c, na wengi wetu tumejiuliza itatufaa wapi tukisha kuondoka shuleni. Muhula huu nimeona mahali pamoja inapofaa, napo ni ndani ya Land Rover kuukuu, pikapu ya mzee mmoja wa hapa Tabora ambaye huchukua asali na mizigo ya watu kutoka upande wa Sikonge. Spidomita ya gari hilo ilikuwa na kosa la ajabu. Mshale ulionyesha mwendo sawasawa, lakini tarakimu za maili zilihesabu kupita kiasi, ingawa vyote viwili huendeshwa na waya mmoja. Mwalimu wetu wa Fizikia alituruhusu wanafunzi wanne kulichunguza jambo hilo Jumamosi mbili.

Kabla ya kueleza tuliyoyafanya, yafaa kukumbuka kwamba kupima umbali si jambo geni katika mji huu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafuata njia ya misafara, wakafika Kazeh, yaani Tabora hii yetu, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu kuwa wametembea maili zisizopungua 600. Hawakupima kwa mnyororo. Walikadiria kwa saa walizotembea na kwa mwendo wa wapagazi, nao wapagazi wenye mizigo hawaendi mwendo mmoja asubuhi na mchana. Kwa hiyo Speke alipima pia jua na nyota ili ajue latitudo ya mahali walipo. Nyota hazijui kama wapagazi wamechoka, ndiyo maana kipimo chake kilifaa kukagua makisio ya miguu. Ukipima leo kwenye ramani mstari ulionyoka kutoka Bagamoyo hadi Tabora utapata karibu kilomita 700, na maili 600 ni kilomita 965. Njia ya miguu huzunguka sana. Nasi tulihitaji kipimo kingine kisichotoka ndani ya gari lenyewe.

Sasa tutazame spidomita inavyofanya kazi. Nyuma ya giaboksi kuna meno madogo yanayozungusha waya ulio ndani ya ala yake. Waya huo hufika nyuma ya spidomita, na hapo hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuzungusha tarakimu za maili kwa njia ya meno. Hapa hakuna kukisia: waya ukizunguka idadi fulani, tarakimu husogea maili moja, iwe gari linakwenda polepole au mbio. Katika spidomita za Smiths za Uingereza idadi hiyo huandikwa kwa namba ndogo kwenye uso wa spidomita, na watu wengi huiona miaka yote bila kujua maana yake.

Kazi ya pili ni kuzungusha sumaku. Sumaku hiyo haigusani na mshale hata kidogo. Karibu yake kuna kikombe chepesi cha aluminiamu, nao mshale umefungwa kwenye kikombe hicho. Aluminiamu haivutwi na sumaku iliyotulia, kama mnavyojua, lakini sumaku inapozunguka huzaa mikondo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukifanya kitake kuifuata sumaku. Kinachokizuia ni kamani nyembamba, kama ile ya saa ya mkono. Mahali nguvu hizi mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi huu mwaka 1902, na magari ya dunia nzima yaliutumia kwa muda mrefu.

Nguvu ya kuvuta kikombe huongezeka sawasawa na mwendo wa sumaku. Basi usomaji wa mshale ni y, mwendo wa waya ni x, na y = mx. Hiyo m hutegemea nguvu ya sumaku na ugumu wa kamani. Sumaku ikizeeka na kupungua nguvu, m hupungua, na mshale husoma chini. Lakini tarakimu haziathiriki kabisa, maana meno hayana habari na sumaku. Shikeni neno hilo, kwa kuwa ndilo lililotufumbulia fumbo.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda kwenye barabara ya lami iendayo Nzega. Tulisoma tarakimu kwenye kibao cha kilomita, tukasoma tena baada ya kilomita 20. Kilomita 20 ni maili 12.43, lakini tarakimu zilikuwa zimesogea maili 13.7. Gawanya 13.7 kwa 12.43, utapata 1.10. Tarakimu zilizidisha sehemu moja ya kumi.

Kisha tulipima mshale. Dereva aliushika kwenye maili 30 kwa saa bila kuongeza wala kupunguza, nasi tukahesabu muda wa kilomita 5 kwa saa ya michezo. Tulipata dakika 6 na sekunde 12, na ukipiga hesabu utaona huo ni mwendo wa maili 30 kwa saa kamili. Mzee aliweka pia simu yake juu ya dashibodi, nayo ikipokea mawimbi ya setilaiti ilionyesha kilomita 48 kwa saa, jambo ambalo ni lile lile. (Sisi wa bweni haturuhusiwi simu, kwa hiyo nashauri vibao na saa.)

Waya ni mmoja. Kama unazunguka kupita kiasi kwa sehemu moja ya kumi, mshale nao ungepaswa kuonyesha 33, si 30. Mwenzetu mmoja alitaka kusema kibao cha kilomita kimewekwa vibaya, lakini vibao ishirini haviwezi kukosea kwa namna moja. Jibu likawa kwamba makosa ni mawili, na yanafichana.

Kosa la kwanza lilikuwa chini ya gari. Land Rover hiyo ni ile ndefu ya inchi 109, na tairi zake za asili ni 7.50-16. Miaka iliyopita zilipoisha, mzee alinunua nne za 6.00-16, ambazo ni za Land Rover fupi ya inchi 88, kwa kuwa ndizo zilizopatikana kwa bei nafuu. Tairi la akiba lililolala juu ya boneti lilikuwa bado la asili. Tulitia alama ya chaki kwenye gurudumu la mbele, tukasukuma gari mpaka gurudumu likazunguka mara kumi, tukapima kwa futi kamba: mita 22.6. Kisha tukafunga lile la akiba mahali pake, tukasukuma tena: mita 24.9. Ni lazima kupima likiwa limebeba gari na lina upepo wa kutosha, kwa sababu tairi lililobeba mzigo hubonyea kidogo na mzunguko wake hupungua. Gawanya 24.9 kwa 22.6, utapata 1.10 ile ile. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi katika njia ile ile, na waya huhesabu mizunguko, hauhesabu ardhi.

Asiye na tairi la asili anaweza kutumia njia nyingine. Afungue waya nyuma ya spidomita, abandike kipande cha karatasi kwenye ncha yake, kisha gari lisukumwe mita 16.09, ambazo ni sehemu ya mia ya maili. Mizunguko ya waya akiizidisha kwa 100 atalinganisha na namba ndogo iliyo kwenye uso wa spidomita. Tuseme namba ni 1,400 na waya umezunguka mara 15.4, hapo atajua waya unazunguka mara 1,540 kwa maili, na kosa ni 1.10.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya spidomita yenyewe. Sumaku yake imechoka, kwa hiyo husoma 30 pale ambapo waya unasema 33. Tairi ndogo zimeupandisha mshale, sumaku dhaifu imeushusha, na mzee kwa miaka mingi ameiamini spidomita kwa sababu mshale haukumdanganya hata siku moja.

Hasara ilikuwa kwenye tarakimu. Mzee hutoza kwa kilomita, akisoma maili na kuzidisha. Kutoka Sikonge hadi hapa ni kiasi cha kilomita 70. Tarakimu zake zilihesabu 77. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilomita: mwenye asali hulipa shilingi 14,000 za njia ambayo gari halikupita, na safari hiyo hufanywa mara nyingi kwa mwaka. Mzee aliposikia hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Wanangu, kumbe nimewadai watu kilomita zisizokuwako.” Tangu siku hiyo hugawa maili zake kwa 1.1 kabla ya kutoza, na amesema atanunua tairi za kipimo cha asili.

Ni jambo jema, lakini hapa ndipo penye hatari, na tulimweleza. Siku atakapofunga tairi kubwa, tarakimu zitakuwa sahihi mara moja, na mshale utaanza kukosea siku hiyo hiyo. Utaonyesha 30 gari likienda 33. Mjini, ambako sheria ni kilomita 50 kwa saa, dereva atapiga hesabu kwamba 50 ni maili 31, ataushika mshale kwenye 31, na gari litakuwa linakwenda karibu kilomita 55. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba, kwa hiyo umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka kwa 1.1 × 1.1, yaani 1.21. Kama gari lingesimama kwa mita 20, sasa litahitaji zaidi ya 24. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari haikubali kabisa spidomita isome chini ya mwendo wa kweli, ingawa husamehe inayosoma juu kidogo. Nadhani wenzangu wanaona sababu.

Fundi mmoja wa njiani alikuwa amemshauri mzee kwamba mshale ukikosea ang'oe na kuusogeza mbele kidogo. Shauri hilo si zuri, na mstari wa y = mx + c waonyesha kwa nini. Kusogeza mshale ni kuongeza c, lakini kilichoharibika ni m. Ukiusogeza maili 3 utakuwa sahihi kwenye 33 tu. Gari likienda 11 utasoma 13, likienda 55 utasoma 53, na gari likiwa limesimama chini ya mwembe mshale utasema linakwenda maili 3 kwa saa. Dawa ya kweli ni fundi wa spidomita aitie sumaku nguvu upya kwa mkondo wa umeme, kisha aipime kwa waya unaozungushwa kwa mwendo unaojulikana. Kamani isiguswe na mtu asiye na vifaa, kwani ikipinda hainyooki tena.

Mpaka fundi wa namna hiyo apatikane, tumemwandikia mzee karatasi ya kubandika kwenye dashibodi siku atakapofunga tairi za asili. Maili ya mshale huzidishwa kwa 1.1, kisha kwa 1.609, yaani kwa 1.77. Mshale 10 ni kilomita 18. 20 ni kilomita 35. 28 ni kilomita 50. 45 ni kilomita 80. Pale kwenye 28 tumepiga mstari mwekundu. Chini yake tumeandika kwamba tairi mpya likiisha unene wa sentimita moja, mzunguko wake hupungua kama asilimia mbili na nusu, basi alama ya chaki na futi kamba vitolewe tena.