Somo la 12: Betri ya Pili Katika Gari la Kijiji

Kijiji kimoja kiko mbali na nguzo za umeme. Kina zahanati moja na gari moja, pikapu ya chama cha ushirika. Gari hilo huenda mjini kila Jumatatu na Alhamisi. Safari ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Wanakijiji walichanga fedha, wakanunua betri ya pili. Waliiweka nyuma ya gari ili ijae umeme safarini. Gari likirudi, betri hupelekwa zahanati kuwasha taa. Mama mkunga alifurahi sana. Alikuwa amechoka kuzalisha kwa mwanga wa kibatari.

Dereva aliunganisha betri hizo mbili kwa waya, moja kwa moja. Alifikiri kazi imekwisha.

Siku moja gari lilichelewa kurudi. Betri ya pili ilibaki garini, waya zikiwa zimefungwa. Vijana wakaitumia kupigia muziki mpaka usiku. Saa nane usiku mama mkunga alikuja mbio.

"Mwanangu, amka! Kuna mzazi amezidiwa. Apelekwe hospitali sasa hivi."

Dereva aliruka, akageuza ufunguo. Gari likalia ti, ti, ti, kisha likanyamaza. Betri zote mbili zilikuwa tupu. Watu walilisukuma mpaka kwenye mteremko, likawaka. Mama yule na mtoto wake walipona. Lakini saa nzima ilikuwa imepotea.

Asubuhi mwenyekiti aliita fundi umeme wa magari.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Fundi alisema: "Ndugu zangu, fikirini mitungi miwili iliyounganishwa kwa mpira. Ukichota maji katika mtungi mmoja, wa pili nao hupungua. Betri zenu zilikuwa hivyo. Vijana walichota umeme katika betri ya pili, ile ya kuwashia gari ikapungua pia."

"Basi tuondoe hiyo betri ya pili?" mwenyekiti aliuliza.

"La, Mzee. Tuweke mlango kati ya betri hizo. Injini ikiwaka, mlango ufunguke. Injini ikizimwa, mlango ufungwe."

Mlango huo huitwa rilei. Ni swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Rilei inapofunga njia, betri ya kuwashia gari hubaki salama.

UMEME HUINGIAJE KATIKA BETRI?

Betri ya gari ni ya volti 12. Ikijaa na kupumzika, kipimo huonyesha volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya volti 12, imepungua sana.

Injini ikiwaka huzungusha alteneta. Alteneta hutoa umeme wa volti 14 hivi. Umeme hutoka penye volti nyingi kwenda penye volti kidogo. Ndiyo maana huingia katika betri.

Waya mwembamba hupunguza volti njiani, tena hupata moto. Betri iliyo mwisho wa waya mwembamba huchelewa kujaa. Kutoka mbele ya gari mpaka nyuma, fundi alitumia waya mnene wa milimita 10 za mraba.

Aliweka pia fyuzi mbili, moja karibu na kila betri. Kwa nini mbili? Kwa sababu waya hupokea umeme kutoka pande zote mbili. Ukichunika na kugusa bodi ya gari, kila betri inaweza kuuchoma. Fyuzi hukatika kabla waya haujawaka moto.

Magari mengine ya siku hizi yana alteneta inayopunguza volti yenyewe. Hayo huhitaji chombo kingine badala ya rilei. Mwulize fundi kabla ya kununua vifaa.

TUPIGE HESABU

Betri ya kijiji ni ya amperi-saa 70. Si vizuri kutumia zaidi ya nusu, yaani 35. Betri inayomalizwa kila mara hufa mapema.

Taa mbili za zahanati hutumia amperi 1 kwa jumla. Zikiwaka saa 8 kila usiku, hutumia amperi-saa 8. Toka Alhamisi mpaka Jumatatu ni usiku nne.

8 × 4 = 32. Hazizidi 35.

Tuseme safarini huingia amperi 10 kila saa, kwa wastani. Safari ya kwenda na kurudi ni saa 4.

10 × 4 = 40. Kiasi fulani hupotea, lakini zile 32 hurudi.

Gari likitembea nusu saa tu, huingia 5 tu. Safari fupi haijazi betri.

JIHADHARI

1. Ndani ya betri mna asidi. Ikikumwagikia, osha kwa maji mengi papo hapo. Ikiingia machoni, endelea kuosha, kisha nenda zahanati.

2. Betri inayojaa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usiiweke mahali watu wanapokaa garini. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo.

3. Isimamishe wima na uifunge imara. Betri ikianguka humwaga asidi.

4. Unapofungua waya, anza na hasi (–). Unapofunga, anza na chanya (+), malizia na hasi. Hivyo spana ikigusa bodi haitatoa cheche.

5. Maji ya betri yakipungua, ongeza yale maalumu yanayouzwa dukani. Usitie ya kisima, wala usiongeze asidi.

Kijiji kilikubaliana jambo moja zaidi. Betri ya pili ni ya zahanati. Muziki utafute umeme wake.

MASWALI

1. Kwa nini gari halikuwaka usiku ule?
2. Rilei hufanya kazi gani injini ikizimwa?
3. Kwa nini fundi aliweka fyuzi mbili?
4. Taa zikiwaka saa 10 kila usiku kwa usiku nne, zitatumia amperi-saa ngapi? Je, zitazidi nusu ya betri?
5. Zungumzeni darasani: katika kijiji chenu, ni kazi gani ingepewa umeme kwanza? Nani atatunza betri?