Punda Barabarani: Jinsi ya Kutengeneza Bango Linalomfanya Dereva Apunguze Mwendo

Somo la leo siyo la mbegu wala mbolea, ni la barabara. Wengi wenu kipande cha kwanza cha safari ya mazao, kutoka shambani mpaka kwenye lami, mnakimaliza kwa mkokoteni wa punda. Mmenunua punda, mmechonga mkokoteni, mmefunga tairi, hiyo yote ni mtaji. Fuso moja likiugonga mkokoteni jioni, umepoteza punda, mkokoteni na mzigo wote wa nyanya. Na kijana aliyeshika hatamu je? Huyo hana bei.

Vikundi kadhaa vimeniuliza namna ya kutengeneza mabango ya picha ya kuwaonya madereva. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba mabango mengi huishia kuandikwa "Madereva kuweni waangalifu, punda ni mali", halafu hakuna kinachobadilika. Kwa hiyo shika kanuni hii moja, mengine yote yatatoka humo: bango zuri linamwambia mtu mmoja afanye jambo moja analoweza kulifanya palepale.

Tuwaangalie Waingereza na farasi wao

Uingereza watu wengi hupanda farasi kwenye barabara nyembamba za vijijini, barabara zile zile zinazopitwa na magari kwa kasi. Mwaka 2016 chama cha wapenda farasi cha huko, British Horse Society, kilianzisha kampeni iliyoitwa Dead Slow, yaani polepole kabisa. Siku hizi dereva anaambiwa mambo manne tu:

1. Punguza mwendo, usizidi maili 10 kwa saa (kama kilomita 16).
2. Kuwa mvumilivu, usipige honi wala kupiga resi.
3. Mpite farasi kwa mbali, angalau mita 2, kama ni salama.
4. Ukishapita, ondoka taratibu.

Januari 2022 kipimo cha maili 10 na kile cha mita 2 viliingizwa kwenye Highway Code, kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza.

Ona walivyofanya. Hawakumwambia dereva awapende farasi. Walimpa namba. "Kuwa mwangalifu" haipimiki, kila dereva anaamini tayari yeye ni mwangalifu. Lakini kilomita 16 anaiona kwenye dashibodi yake, na mita 2 anaweza kuikadiria kwa macho.

Anza na mnyama, siyo na rangi

Kabla hujachora, jiulize: mnyama wangu akishtuka anafanya nini? Farasi na punda wana macho pembeni mwa kichwa. Wanaona eneo kubwa sana, lakini nyuma yao kabisa kuna sehemu hawaoni. Gari linalotokea nyuma wanalisikia kabla ya kuliona.

Sasa hapa ndipo punda anapotofautiana na farasi. Farasi akiogopa, kawaida hukimbia. Punda mara nyingi huganda, anasimama kwanza apime hatari. Ndiyo maana watu humwita mkaidi, na kumbe anafikiri. Dereva asiyejua hili hupiga honi akitegemea punda atasogea. Punda anasikia honi, anasimama katikati ya njia. Dereva anapiga tena. Umeona tatizo?

Kwa hiyo ukinakili bango la Waingereza lilivyo, utakosa jambo muhimu kuliko yote kwetu. Hapa kwetu ujumbe wa kwanza ni: HONI INAMGANDISHA PUNDA. Ukiweza kumfundisha dereva hilo tu, umeshafanya kazi kubwa.

Hesabu ya sekunde

Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Highway Code inakadiria kuwa gari dogo la mwendo huo linahitaji mita 53 mpaka lisimame: mita 15 dereva akiwa bado anawaza, na 38 breki zikiwa zimeshikwa. Fuso lililojaa magunia linahitaji zaidi. Likiwa kilomita 50, ambao ndio mwendo wa mwisho kwenye maeneo ya makazi hapa Tanzania, linakwenda mita 14 kwa sekunde.

Hesabu hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza ni la bango lenyewe. Dereva akianza kulisoma bango akiwa mita 60, kwa kilomita 80 ana sekunde chini ya 3 kabla hajalipita. Maneno yasizidi matano. Ukubwa wa herufi, tumia kanuni ya wachora mabango: sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali. Mtu wa kusoma kutoka mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25. Ukiona maneno hayaenei kwa ukubwa huo, usipunguze herufi, punguza maneno.

La pili ni la mkokoteni, nitalirudia hapo chini.

Kuchora picha inayoeleweka

Mita 2 ni rahisi kutamka, kuichora ni kazi. Kikundi kimoja nilichofanya nacho kazi kilichora kitanda cha futi sita kati ya lori na punda, maana futi sita ni pungufu kidogo tu ya mita 2. Wakakipeleka kijiwe cha bodaboda kwa majaribio. Jibu la kwanza: "Kwani nani anahama?" Wakacheka wote, wakarudi kuchora upya. Safari hii waliweka lori ambalo magurudumu yake ya kulia yamevuka mstari wa katikati, na mbele yake njia ni nyeupe. Kila dereva aliielewa, kwa sababu ndicho anachokiona mwenyewe anapoovateki.

Mambo ya kushika:

- Chora kitendo sahihi. Ukichora punda aliyegongwa na damu, dereva anageuza uso. Ukichora dereva anayepiga honi halafu ukaweka alama ya X juu yake, wapo watakaoiona honi wasiione X.
- Chora gari na mkokoteni wa eneo lako. Fuso, kirikuu, Noah, bodaboda. Punda awe na mzigo kama wenu, na gari lipite upande wa kulia wake, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto.
- Mpe mswaga punda uso. Dereva anampisha mtu kwa urahisi kuliko mzigo.
- Bango moja, jambo moja. Una mambo matatu? Tengeneza mabango matatu.
- Jaribu kabla ya kuchapa. Funika maneno, waonyeshe madereva kumi mmoja mmoja, waulize: "Hapa unaambiwa ufanye nini?" Usiulize kama picha ni nzuri, watakujibu ni nzuri kwa adabu tu. Wakikosea wanne, rudi ukachore.

Nusu ya kazi ni yetu

Hapa vijana wangu tuambizane ukweli. Huwezi kumwambia dereva apunguze mwendo kwa kitu asichokiona. Kwetu giza halibishi hodi, saa kumi na mbili jioni unaona vizuri, muda mfupi baadaye huoni kitu. Mkokoteni wa mbao umebeba magunia, punda ni wa kijivu, mswaga amevaa koti jeusi. Dereva mwenye taa za chini atauona akiwa karibu mno, na mita zake 53 hana tena. Hata akiwa mtu mwema kiasi gani, hawezi kuzuia.

Kwa hiyo kampeni yako iwe na bango la pili, linalomlenga mwenye punda, na hilo ndilo libandikwe kwanza:

- Nyuma ya mkokoteni weka reflekta nyekundu pembe zote mbili, mbele nyeupe. Zikiwa pembeni kabisa, dereva anajua upana wa mkokoteni.
- Zifute vumbi kila safari. Reflekta yenye tope ni kipande cha plastiki tu.
- Mswaga avae kizibao cha reflekta kama cha bodaboda.
- Mkokoteni ukae kushoto. Ukiongoza punda kwa mkono, yeye awe kushoto kwako, mbali na magari.
- Mzigo usizidi upana wa mkokoteni, na mswaga asiwe mtoto.
- Panga mavuno ili safari ya mwisho iishe kabla ya jua kuzama. Hii haigharimu hata shilingi.

Linganisha bei ya reflekta nne na bei ya punda mmoja mnadani. Hesabu hiyo huhitaji kuletewa na mimi.

Bango likae wapi?

Usikimbilie kusimika nguzo kando ya lami. Hifadhi ya barabara ina mwenyewe: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za vijijini na mijini chini ya TARURA. Pita kwa mtendaji wa kijiji, andikeni barua, mpate kibali. Mkishirikisha askari wa usalama barabarani mapema, mtapata pia mtu wa kuwaambia wapi ajali hutokea zaidi.

Wakati mnasubiri kibali, bandikeni pale madereva wanaposimama: kituo cha mafuta, mgahawa wanapokula madereva wa malori, kijiwe cha bodaboda, sokoni wanapopakia. Hapo dereva ana dakika kumi siyo sekunde tatu, unaweza hata kuweka picha nne kwa mfuatano kama Waingereza. Madereva wanaokuja kununua mazao yenu ndio wa kuanza nao. Unawajua kwa majina na una namba zao. Mtumie picha kwenye simu, halafu mweleze habari ya punda na honi. Atakwenda kuwaambia wenzake, maana ni jambo ambalo wengi hawalijui.

Kazi ya wiki hii

Kila kikundi kifanye mambo matatu. Moja, hesabuni mikokoteni yenu na muone mingapi ina reflekta. Mbili, simameni jioni mita 50 nyuma ya mkokoteni mmoja, mmulike kwa taa ya pikipiki, mjionee wenyewe anachokiona dereva. Tatu, chagueni ujumbe mmoja tu na mchore picha ya kwanza kwa penseli. Rangi na uchapaji vije baadaye, mkishawauliza madereva kumi.