FUNDISHO: MOYO WA KIJANA ALIYEPONA KANSA

Someni Luka 17:11-19.

Ndugu wapendwa, katika habari hii watu kumi walitakaswa ukoma, lakini mmoja tu alirudi. Vijana wengi waliopona kansa wafanya kama wale tisa. Uvimbe umekwisha, nao hawaonekani tena hospitali. Fundisho letu ni hili: aliyepona yampasa kurudi kupimwa, hata kama hasikii maumivu.

Kansa yaweza kupona. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, Mkristo aliyefanya kazi Uganda, aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto. Baadaye watoto wengi wenye ugonjwa huo walipona kwa dawa. Waliopona nao wana maisha marefu ya kutunza.

1. Kwa nini moyo?

Dawa za kansa zina nguvu. Zaua ugonjwa, lakini nyingine zaweza kudhoofisha nyama ya moyo. Mojawapo ni doksorubisini, dawa nyekundu inayotiwa katika mshipa. Mionzi iliyopigwa kifuani nayo yaweza kuumiza moyo. Si wote wanaopata shida hii, lakini yaweza kutokea baada ya miaka mingi. Hatuilaumu dawa, kwa maana iliokoa uhai.

2. Dalili za hatari

Kukosa pumzi ukipanda mlima mdogo au ukilala chali, miguu kuvimba, kuchoka kupita desturi, moyo kwenda mbio bure. Usiseme, "Nimerogwa." Njoo upesi.

3. Mambo ya kufanya

(a) Pima damu kila mwaka au zaidi. Ikifika 140 juu ya 90, usikae nyumbani. Uliza kama yafaa upigwe picha ya moyo katika hospitali kubwa.

(b) Acha tumbako kabisa. Acha kasiksi na kanyanga.

(c) Kula maharagwe, sombe, lengalenga, matunda, na sambaza wa ziwa letu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kidogo kimoja. Kumbuka kwamba Maggi nayo ina chumvi. Tia mawese kidogo tu.

(d) Tembea au lima nusu saa, siku tano kwa juma. Anza polepole. Kukaa tu hakuupi moyo nguvu.

(e) Dada akichukua mimba, amwambie muuguzi mapema, kwa maana mimba huuongezea moyo kazi.

4. Usifiche, usipoteze

Wengine huficha ugonjwa wao wa zamani wakiogopa kwamba hawataolewa. Kansa haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala nyumba moja. Wazee wa kanisa, wafundisheni watu hivyo, ili kijana asione haya kusema kweli mbele ya muuguzi.

Tena, hapa Shasha tumejua kukimbia vita. Karatasi ya hospitali huachwa nyumbani, ikateketea. Ifunge katika plastiki pamoja na Biblia yako. Jifunze kwa moyo jina la ugonjwa wako, jina la dawa na mwaka ulipotibiwa, ukamfundishe na mtu mmoja wa jamaa. Popote utakapofika, muuguzi mgeni ataweza kukusaidia.

Maswali

1. Kwa nini aliyepona arudi kupimwa?
2. Taja dalili tatu za moyo dhaifu.
3. Je, jamaa yako anajua jina la dawa uliyopewa?